Uso wa Mtu wa Tatu

Machi 2

Mvua imeanza leo mchana, bila ngurumo wala onyo. Dereva wetu wa ubalozi, ninayemwita Bwana Taratibu kwa kuwa hata barabara ikiwa nyeupe huendesha kama aliyebeba trei ya mayai, amesema msimu huu wa kwao humsahaulisha mtu rangi ya kivuli chake. Nikamuuliza kama hiyo ni methali. Akacheka. Kila nikiuliza hivyo wanacheka. Huu ni mwaka wa pili niko katika mji huu, na lugha yao naisema kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima: ninafika ninakokwenda, ila wote wananitazama miguu.

Asubuhi niko dirisha la viza. Mchana, kwa sababu sisi ni wachache na kofia ni nyingi, mimi ndiye pia mwambata wa utamaduni. Na kwa kuwa Balozi alinifuma nikichora kwenye kikao cha bajeti, sasa ameagiza maonyesho. Nichore maisha ya kila siku ya mji, picha zitundikwe ukumbini kwetu, wenyeji waalikwe waje kujiona.

"Wachore wakiwa kazini," aliniambia. "Sijawahi kuona mtu akigombana na picha ya watu wanaofanya kazi."

Machi 7

Nimechora kinyozi, fundi saa, na wanawake wawili wanaopiga pasi shuka za hoteli. Dirisha langu la nyumbani linatazama duka la mikate, kinyozi na kituo cha basi, kwa hiyo nusu ya kazi naifanya nikiwa na kandambili. Kinyozi alinitaka nimchore akiwa amefumba mdomo. Hilo limekuwa gumu, maana hajawahi kuufumba.

Machi 15

Picha ya duka la mikate imekwisha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwenye duka anakanda unga, ndugu yake anakata madonge, na wa tatu amebeba trei begani. Huyu wa tatu ndiye aliyenisumbua. Kazi yake ni kulisha tanuri, na kila nilipokwenda pale nilipokewa na mgongo wake. Nimekwisha kumwita Mgongo. Leo nikiwa nyumbani, rangi zinakauka mbele yangu, nimemgeuza na kumpa uso. Uso umekuja wenyewe, bila kufuta wala kurudia: masikio yaliyotokeza, macho mazito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, kidevu chenye kishimo. Nimekaa nikiutazama mpaka chai ikapoa. Sijui kwa nini umenipendeza kiasi hicho.

Machi 16

Mvua.

Machi 17

Mvua na viza.

Machi 22

Maonyesho yamefunguliwa. Tangazo lake, lenye ile picha ya mikate, limebandikwa mitaa yote. Balozi ametoa hotuba niliyomwandikia, akaruka ukurasa mmoja, na hakuna aliyegundua, hata yeye.

Watu wamejiona, wamefurahi. Isipokuwa Mgongo. Alikuja amevaa suti, na mchumba wake, na kaka wa mchumba. Wakasimama mbele ya picha ya mikate. Yule shemeji mtarajiwa alianza kucheka polepole, kisha akashika ukuta asianguke.

Mgongo akanifuata. "Mama, mwili ule ni wangu. Hata fulana ni yangu, ina tundu hapa."

"Ndiyo."

"Na kichwa?"

Nikaigeukia picha.

"Uso wangu una kasoro gani mpaka uniwekee wa mtu mwingine?" akauliza, na mchumba wake akamtazama usoni kwa makini, kama na yeye anataka kujua.

Nimeahidi kumchora upya, peke yake.

Machi 25

Nimemchora Mgongo. "Pua hii umeitoa wapi?" akauliza. Nikamwambia kwako. "Basi irudishe kidogo." Nimeirudisha kidogo. Tumeachana kwa heri.

Machi 27

Leo mlinzi alinipigia simu kutoka ukumbini. Kuna mwanamke, alisema, amesimama mbele ya picha moja tangu tulipofungua. Hakai wala haondoki.

Nilimkuta amevaa koti la mvua la kahawia, kichwani kitambaa kilichofungwa mpaka kwenye nyusi, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Umri wake ni kama wa mama yangu. Hakunisalimu.

"Wewe ndiye uliyechora?"

"Ni mimi, mama."

"Huyu ni mwanangu." Alimwonyesha yule wa tatu, kwa mkono mzima, si kwa kidole. "Yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba mwenye mwili ule ni mtu mwingine, kwamba uso niliubuni. Nilitumia neno lao la kubuni, na pengine nililitumia vibaya, maana alitikisa kichwa kama mwalimu.

"Duka lile nalijua. Napita hapo kila siku, na mwanangu hayupo pale. Sikuulizi habari za duka. Nakuuliza, ulimwona wapi?"

"Sikumwona, mama. Uso ulinijia tu."

"Utakujiaje uso ambao hukuuona?"

Akatoa picha kutoka ndani ya koti, imefungwa kwenye nailoni. Kijana amesimama kando ya baiskeli. Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Masikio ni yale, na macho yale mazito, na kile kishimo kidevuni. Tofauti ni moja tu: kijana wa picha ana kovu juu ya jicho, wangu hana.

"Kovu umelisahau," mama akasema. "Si neno. Ulimwona kwa mbali."

Mwanawe alitoka nyumbani jioni moja kwenda kununua betri za redio. Baba yake alikuwa amemfokea, lakini si zaidi ya siku nyingine. Hakurudi. Baba mtu amekwisha kufa akimngoja. Mama hajui kama kijana alikasirika, alipatwa na jambo, au aliona tu barabara inaendelea akaendelea nayo. "Hata kulia sijui nilie kwa lipi," aliniambia. Kisha akaniomba nijaribu kukumbuka, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Nimerudi nyumbani. Najaribu kukumbuka. Kichwa changu ni kama droo iliyopinduliwa.

Machi 29

Baba watoto amepiga simu kutoka kwetu. Nikamsimulia yote. Akasema watu wanafanana duniani, nisijitie kichaa. Kisha akasema, "Hujaniuliza habari za huku." Kweli sikuuliza.

Aprili 4

Nilidhani mama hatarudi. Jumatatu alikuja, jana pia alikuja. Leo Jumamosi nimemkuta chini ya ngazi za nyumba yangu, mwavuli umekunjwa, amejiandaa kwa safari.

"Twende sehemu zote unazopita," akasema. "Ukifika pale ulipomwona, utakumbuka."

Nakiri niliona ni usumbufu. Nilikuwa na nguo za kufua. Lakini utamwambia nini mtu wa namna ile? Tumekwenda stendi kuu ya mabasi, posta, na ofisi ya forodha ninakofuata mizigo ya ubalozi. Kila mahali nasimama, nafumba macho, nafumbua. Yeye ananitazama mimi. Hatazami watu hata kidogo. Ananitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyo jikoni.

Sikukumbuka kitu. Tumelowa mpaka kwenye soksi.

Aprili 11

Tena leo. Hospitali kuu. Mhudumu mmoja aliitazama picha akasema, "Sisi huku nyuso hatuzikumbuki, tunakumbuka vitanda." Mama akacheka! Sikujua kwamba anacheka. Ana pengo moja pembeni, na akicheka hulifunika kwa ncha ya kitambaa.

Njiani ananisahihisha lugha. Kumbe miezi yote hii, pale dirishani, nilipokuwa nikiwaambia watu "rudi kesho," nilikuwa nawaambia "kesho imerudi." Ndiyo maana walikuwa wanaondoka wakiwa na furaha.

Yeye ni msafishaji katika shule ya watoto wadogo. Anasema watoto wote wa shule ile wanamjua mwanawe kwa sifa.

Aprili 13

Bwana Taratibu ameniambia, huku akitazama kioo chake badala yangu, kwamba mjini kuna maneno. Wanasema kwenye ubalozi wetu kuna mama anayechora watu waliopotea.

"Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wale wanaosema," akajibu, akakata kona kwa upole wa ajabu.

Aprili 16

Dirisha la viza. Mtu wa kwanza, pasipoti. Wa pili, pasipoti. Wa tatu, mwanaume wa makamo mwenye mikono ya useremala, akapitisha chini ya kioo picha ya msichana aliyesuka nywele. "Dada yangu," akasema. "Uliwahi kumchora?" Nikasema hapana. Akashukuru, akaondoka. Aliyefuata alikuwa na picha pia.

Aprili 20

Foleni imefika mpaka kona. Wanasimama na miavuli, na mifuko ya nailoni, na magazeti vichwani, na kila mmoja ana picha kifuani. Wenye kutaka viza wamechanganyika nao, na karani wangu amekwisha kumpa mtu fomu ya safari wakati anamtafuta babake.

Balozi ameniita. Alikuwa mpole, nami nikimwona ni mpole naogopa zaidi. "Dada yangu," akasema, "hapa tumefungua ubalozi au tumefungua ofisi ya waliopotea? Wenye nchi wamenipigia simu. Wanauliza sisi wageni tunajuaje watu wao walipo. Nami nikawaambia hatujui. Ni kweli hatujui?"

"Hatujui, mheshimiwa."

"Basi mbona unatembea na yule mama kila Jumamosi?"

Nikasema, kwa sababu huenda najua bila kujua. Nilipolisikia likitoka mdomoni lilikuwa neno la kijinga kabisa. Ameamuru maonyesho yafungwe na picha zishushwe. Ile ya mikate nimeichukua nyumbani.

Aprili 25

Jumamosi. Mvua ilitukamata karibu na uwanja wa mpira, tukajibanza kwenye kibanda cha tiketi kisicho na mtu. Mama alivua kitambaa akakikamua. Sijawahi kumwona kichwa wazi. Nywele zake ni fupi na nyeupe, kama za mwanaume. Akakaa akitazama mvua, amechoka, macho yamelegea. Nikatoa penseli ili mikono isikae bure. Nikaanza kumchora.

Penseli ilikwenda bila kuniuliza. Sikio lililotokeza. Jicho zito. Kidevu. Nilikuwa sijainua macho kumtazama mara ya pili, na mkono tayari umeshuka kwenye kishimo na kukitia kivuli pale pale, kwa upande ule ule.

Niliacha kuchora.

"Mama," nikasema, "basi lako la kazini unapandia wapi?"

"Pale mbele ya duka la mikate. Miaka na miaka. Kwani vipi?"

Nikasema hakuna kitu. Karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni.

Baadaye

Nimesimama dirishani kwangu. Kituo cha basi kiko chini pale, benchi lake linaonekana lote. Kila asubuhi tangu nilipohamia nyumba hii nimekunywa chai mahali hapa. Asubuhi zote hizo mama alikuwa amekaa pale na koti lake, pengine kabla ya mvua bila kitambaa, na sijawahi kusema "yule mwanamke." Sikumwona kama mtu. Nilimwona kama unavyoona ukuta. Lakini mkono ulimchukua, ukamwondolea miaka, ukamfanya mwanaume, ukamweka kwenye mwili wa Mgongo. Yeye akaja akamwona mwanawe, kwa kuwa mwanawe kafanana naye.

Kovu sikulisahau. Halikuwepo.

Hakuna mtu yeyote niliyemwona. Hakuna mahali pa kukumbuka. Tumetembea mwezi mzima tukitafuta uso uliokuwa ukitembea pembeni yangu.

Nimwambie vipi? Na nisipomwambia?

Aprili 28

Sijamwambia.

Aprili 30

Amekuja ofisini na sweta aliyomnunulia mwanawe. Ya kijivu. Amechagua saizi kubwa, "kwa kuwa kijana uliyemchora amejaza mabega." Mabega ni ya Mgongo. Nikasema ni sweta nzuri.

Mei 1

Baba watoto anasema, mwambie. Nikimuuliza kwa maneno gani, anasema lolote utakalosema litauma, chagua fupi. Nikamuuliza habari za huko, safari hii nikasikiliza kweli.

Mei 2

Nimemwambia.

Alikuja chini ya ngazi kama kawaida na mwavuli wake, na safari hii alikuwa na mpango: sehemu ya kusini ya mji, kwenye viwanda. Nikamwomba tuingie kwanza kwa kinyozi, maana mvua ilikuwa kali, na kwa kinyozi kuna viti. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa naye peke yangu.

Nikasema, "Mama, nimekumbuka."

Alisimama. Nilijuta papo hapo kwa kulianza vile.

"Si yeye niliyemwona. Nilikuona wewe. Kituoni, kutoka dirishani kwangu. Uso ule ni wako. Mkono wangu ulikuchora wewe nami sikujua."

Kwanza alicheka, akafunika pengo lake. "Mimi? Nina uso wa mwanaume mimi?" Akamgeukia kinyozi kama anayemtafuta shahidi wa mzaha. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa neno, hakusema neno. Nikatoa ile karatasi ya kibandani, nikaikunjua. Akaitazama. Akatoa picha ya mwanawe kwenye nailoni. Akaviweka mezani, kati ya mashine na poda, akavitazama vyote viwili.

Kisha akaenda kwenye kioo. Akavua kitambaa. Akazilaza nywele zake fupi kwa mikono yote miwili, akausogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiwiko, akatazama tena.

"Mama," kinyozi akasema taratibu, "wewe na kijana huyo ni shilingi kwa ya pili."

"Kila mtu alikuwa akisema hivyo alipokuwa mdogo," akajibu, bado anatazama. "Baba yake ilimkera."

Alinigeukia. Nilitegemea machozi, au matusi. Alisema tu, "Kwa hiyo hujui alipo."

"Sijui, mama."

"Na hukuwahi kujua."

"Sikuwahi."

"Na mwezi wote huu?"

"Niliamini kweli, mpaka Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi iliyopita," akasema. "Na sweta nimeileta Alhamisi."

Alichukua picha yake, ya kwangu akaiacha, akatoka. Mwavuli aliusahau. Nilimkimbilia nao mpaka katikati ya barabara, akageuka, akaniambia kwa lugha ya taratibu, ile anayonisemesha akitaka nielewe kila neno: "Usinifuate. Mwezi mzima umenifuata, imetosha."

Kinyozi alinipa taulo.

Mei 3

Benchi la kituo ni tupu.

Mei 4

Tupu. Anapandia basi mahali pengine.

Mei 5

Sijui kama nilifanya vema au vibaya. Kama ningenyamaza, angekuwa na Jumamosi zake. Kama ningesema mapema, sweta isingenunuliwa. Kila nikigeuza naona kosa upande mwingine.

Foleni ya picha haijapungua.

Mei 8

Niandike yote kabla sijaanza kuyapanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Asubuhi polisi wawili walikuja getini. Hawakuwa wakali. Walimwambia Balozi mkusanyiko huu hauruhusiwi, na kwa kuwa walioukusanya ni sisi, ni sisi tuutawanye. Balozi akanitazama. "Nenda ukawaambie," akasema. "Waambie chochote, ila waende."

Nikatoka. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoonekana mpaka ukiguse kichwa chako. Nilikuwa nimeandika maneno, nikayaacha mfukoni. Nikapanda juu ya kizingiti cha lango nikasema kwa lugha yao, na makosa yangu yote:

"Ndugu zangu, mimi sioni watu. Sikumwona mtu yeyote aliyepotea. Uso ule niliuchora kwa kumtazama mama mtu, basi. Nimemkosea yeye, na ninyi nimewaacha msimame kwenye mvua bure. Naomba radhi. Nendeni nyumbani."

Hakuna aliyeondoka. Nikadhani sikueleweka, nikarudia. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Tumesikia, mama." Lakini miguu yake haikutikisika. Nadhani hakuwa na mahali pengine pa kupeleka picha ile.

Polisi walianza kusogea. Hapo nikaona koti la kahawia. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Sijui alifika saa ngapi, wala kwa nini alikuja. Kwa sekunde moja nilidhani amekuja kunishitaki mbele ya watu, na nilikuwa tayari.

Hakunitazama. Alimgeukia mtu aliyekuwa kando yake, yule mwenye mikono ya useremala.

"Huyu mgeni hajui kitu," akamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Nionyeshe mimi. Mimi nimezaliwa hapa."

Yule seremala akampa picha ya dada yake. Mama akaiangalia vizuri, upande na upande, akatikisa kichwa. "Simjui. Mpe huyo nyuma yako." Kisha akapaza sauti: "Na ninyi mnakumbatia nini? Mwenzako atamjuaje ukimficha kifuani? Onyeshaneni!"

Walisitasita. Kisha picha zikaanza kwenda mkono kwa mkono. Hata polisi mmoja alipewa ya mtoto, na akaitazama kweli. Kelele zilianza, kama za watu walioruhusiwa kusema baada ya kukaa kimya muda mrefu: huyu aliwahi kufanya kazi wapi, huyu alikuwa na mwendo gani, huyu si alikuwa akiimba?

Mwanamke mmoja mnene mwenye kikapu aliishika picha ya msichana aliyesuka nywele. Aliisogeza karibu, akaitenga.

"Huyu sasa hivi hasuki," akasema. "Amekata. Ana watoto mapacha. Ni jirani yangu huyu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ya nani hii?"

Seremala alikaa chini, hapo hapo kwenye maji.

Watu walimzunguka, wengine wanalia, wengine wanampigapiga mgongoni, yule mwanamke wa kikapu anasema kwa nguvu, "Nyanyuka basi nikupeleke, au unataka nimbebe nimlete?" Katikati ya yote hayo nilimtafuta mama. Alikuwa amesimama na picha yake mkononi. Ilikuwa imezunguka mikono yote na kumrudia. Hakuna aliyeijua. Aliifuta maji kwa ncha ya kitambaa, akaifunga kwenye nailoni, akaenda kumsaidia seremala kusimama.

Balozi alikuwa mlangoni muda wote. Nilipoingia alisema, "Nilikwambia uwatawanye."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Waambie hapa hapafai." Akafikiri. "Waulize wenye duka la mikate. Lile turubai lao la mbele ni pana."

Mei 16

Mwenye duka amekubali, Jumamosi asubuhi tu, na wasiguse mikate. Ndugu yake amelalamika, lakini sasa wanauza mara mbili. Mgongo ametoka kwenye tanuri kuwapangia mabenchi. Ni mara yangu ya pili kumwona uso kwa muda mrefu, na pua yake nilikuwa sawa tangu mwanzo.

Mama ndiye anayeongoza. Nawaona kutoka dirishani. Sijashuka.

Mei 23

Wamempata mwingine, mzee aliyekuwa akiishi hospitalini bila kujua jina lake. Si mwana wa mama.

Mei 26

Nimehamishwa. Narudi makao makuu, mvua zikikatika. Balozi amenipa barua mwenyewe. "Nimeandika kwamba ni kwa mahitaji ya kazi," akasema. "Kazi ya nani, usiniulize." Kisha akanipa mkono na kuushikilia kidogo. Sijui kama nimefukuzwa au nimesamehewa. Nimeisoma barua mara nyingi, haisemi.

Juni 6

Naandika hapa uwanja wa ndege, Jumamosi.

Bwana Taratibu alikuja mapema. Mizigo ilikuwa michache. Picha nyingi nimewagawia wenyewe, na ile ya mikate nimemwachia mwenye duka aamue. Hakukuwa na mvua. Barabara ilikuwa inafuka mvuke, na macho yaliniuma kwa mwanga.

Kwenye turubai walikuwa wengi. Mama alikuwa mbele, amevua koti, amevaa sweta ya kijivu iliyomzidi mikono, ameikunja mpaka viwikoni. Alikuwa ameinua picha ya mtu kwenye mwanga, anaikagua.

"Nisimame?" Bwana Taratibu akauliza.

"Usisimame."

Akaendesha, kwa mwendo wake ule, kiasi kwamba tulikuwa bado tuko mbele ya kinyozi niliposema, "Simama."

Sikuthubutu kwenda mbele moja kwa moja. Nikajiunga na foleni, nyuma ya kijana mmoja na mkewe. Watu waligeuka, wakanitambua. Foleni ilikwenda. Nilipofika, mama alinyoosha mkono kupokea picha kabla hajainua macho. Nilikuwa sina kitu. Akaniona.

"Na wewe unamtafuta nani?"

Nilikuwa nimepanga mengi. Yote yalinikimbia, kwa lugha yao na kwa yangu.

"Nimekuja kuaga, mama."

Alinitazama. Sijui alikuwa amenisamehe au alikuwa na kazi tu. Nimemtazama uso ule kuliko uso wowote duniani, na sikuweza kuusoma.

"Aga basi," akasema. "Watu wanangoja."

Nikaaga. Akaitikia, akanishika bega, akanisogeza pembeni ili aliyekuwa nyuma yangu apite.